Viti vitatu vya watoto kwenye siti moja ya nyuma: hatua kwa hatua

Alipozaliwa wa tatu, kila aliyekuja kutupa hongera alituambia tutafute gari kubwa. Hela hiyo hatukuwa nayo, na gari letu dogo la Kijapani la mwaka 2008 bado linatembea vizuri hapa Dar. Basi nikashinda Jumamosi nzima kwenye siti ya nyuma na tepu mkononi. Wanangu ni wa miezi mitano, miaka mitatu na miaka saba. Kama wako wanakaribiana na hao, soma.

Kwanza niseme kilichonitisha. Siku ile nilivisukuma viti vyote vitatu vikaingia, vikabanana hata nikivitikisa havisogei. Nikafurahi. Nilipotoa cha mtoto mchanga ili nikifute, nikagusa kile cha katikati, kikaanguka ubavu. Mkanda wake ulikuwa umelegea muda wote, kimeshikiliwa na majirani zake tu. Kubanana si kufungwa. Kila kiti lazima kishike kwa mkanda wake chenyewe, wenzake wawepo wasiwepo.

Hatua ya 1: Pima, halafu kagua mikanda. Funga milango, pima kutoka mlango hadi mlango. Mimi nilipata sentimita 127. Kiti cha mchanga kina 44, cha wa kati 43, busta ya dada yao (kiti cha kumwinua mtoto mkubwa ili mkanda wa gari umkae sawa) 47. Jumla 134, imezidi. Ila upana huo ni wa mahali kiti kilipotanuka zaidi, na mahali hapo hapalingani kimo: busta hutanuka chini kwenye mikono yake, kiti cha mchanga kinachotazama nyuma hutanuka juu zaidi. Vikikaa jirani, kimoja huingia penye nafasi ya mwenzake. Nilibadilisha busta peke yake, nikachukua ya sentimita 41. Jumla ikawa 128, na vikaenea.

Sasa mikanda. Magari mengi ya umri huu yana mkanda wa kiunoni tu pale katikati. Busta haikai hapo kamwe, kwa sababu inahitaji mkanda unaopita begani. Hapo kinakaa kiti chenye mikanda yake ya mabegani, na kitabu chake cha maelekezo kiwe kinaruhusu kufungwa kwa mkanda wa kiunoni.

Hatua ya 2: Panga nani akae wapi. Sisi tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo mlango wa kushoto ndio unaofungukia pembeni mwa barabara. Mchanga nimemweka huko, nisimtoe nikiwa nimesimama katikati ya magari. Wa miaka mitatu katikati. Wa miaka saba nyuma ya dereva, na mlango wake naufungua mimi mwenyewe.

Busta ndiyo inayosumbua, kwa sababu mtoto hujifunga mwenyewe kila safari. Niliona vidole vya binti yangu vikihangaika kutafuta loki ya mkanda iliyofukiwa chini ya kiti cha mdogo wake, mpaka akakata tamaa akakaa hivyo hivyo. Nikasogeza kiti cha katikati sentimita tatu kushoto, loki ikatokeza. Kusogeza huko kunawezekana ukifunga kwa mkanda. Ukifunga kwa ISOFIX, yaani vyuma vya gari vya kunasia kiti cha mtoto, kiti kinakaa pale vyuma vilipo, basi. Na usifunge kwa vyote viwili pamoja ila kitabu cha kiti kikiruhusu.

Hatua ya 3: Funga kimoja kimoja, ukianza na cha katikati. Weka goti ndani ya kiti, kandamiza kwa uzito wako, vuta mkanda mpaka uishe kulegea. Shika kiti pale mkanda unapopita, tikisa kushoto na kulia. Kikisogea zaidi ya sentimita 2.5, fungua uanze upya. Kikishika, funga cha mchanga, kijaribu vilevile, kisha rudi ukajaribu cha katikati. Busta iwe ya mwisho. Nilirudia mara nne, vidole vikachubuka.

Hatua ya 4: Mfunge mtoto. Kwa anayetazama nyuma, mikanda itokee usawa wa mabega au chini kidogo. Kwa anayetazama mbele, usawa wa mabega au juu kidogo. Ukiweza kuufinya mkanda ukapata mkunjo begani, bado umelegea.

Maswali ya wanachama

*Mama mapacha, Arusha: Dada, nina pacha wa miezi kumi na kaka yao wa miaka minne. Pacha mmoja akae katikati?*
Hongera mama. Kama katikati una mkanda wa kiunoni, hapana. Viti vingi vya kutazama nyuma hutaka mkanda wa begani uvizunguke. Pacha wakae pembeni, kaka yao katikati kwenye kiti chenye mikanda. Na usiharakishe kuwageuza. Kanuni ya Ulaya ya R129 inataka watazame nyuma mpaka wapite miezi 15, na zaidi ya hapo ni bora.

*Baba Salma, Mombasa: Vikikataa kabisa, mmoja akae mbele?*
Mkubwa wa busta anaweza, siti ya mbele ikirudishwa nyuma mpaka mwisho. Kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Ukifumuka unampiga mtoto kichwani. Na kumpakata siyo njia, kaka. Gari likigonga, hakuna mikono inayomzuia.

*Mama Junior, Mwanza: Busta isiyo na mgongo ni nyembamba, si bora hiyo?*
Inaokoa nafasi kweli. Ila tangu 2017 kanuni za Ulaya zinaruhusu modeli mpya za aina hiyo kwa watoto waliozidi sentimita 125 na kilo 22 tu. Mpime mwanao kwanza.

*Baba Neema, Dodoma: Mkanda wa katikati ni mfupi, fundi anasema ataunga kipande.*
Usikubali, kaka yangu. Kipande cha kuunga hakikujaribiwa na kiti hicho, na loki inaweza kuishia juu ya ukingo wa plastiki, ikafunguka au ikavunjika siku ya ajali. Tafuta kiti ambacho mkanda wako unakizunguka na kubaki. Ukienda dukani nenda na gari, ukijaribu humo humo kabla ya kulipa.