Kabla ya Julai: kwa anayekwenda kuwinda swala kwa mara ya kwanza

Msimu wa uwindaji hufunguliwa tarehe 1 Julai. Kwa mtu wa Dodoma anayeingia porini kwa mara ya kwanza, maandalizi yaanze Aprili, mtama ukiwa bado shambani. Mwezi mmoja hautoshi.

Anza na karatasi. Wengi hudhani ukiwa na bunduki halali basi umeruhusiwa kuwinda. Sivyo. Silaha ina leseni yake, chini ya sheria ya silaha na risasi ya 2015, na mlango wake ni polisi. Leseni ya kuwinda ni jambo jingine kabisa: inatokana na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na msimamizi wake ni TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Mwone afisa wanyamapori wa wilaya yako mapema, umuulize ni wanyama gani wanaruhusiwa na katika eneo lipi. Ukishapewa leseni, isome neno kwa neno. Huku kwetu kuna mapori ya akiba ya Swagaswaga na Mkungunero, na mpaka wa pori hauna ukuta. Ni rahisi kuuvuka ukiwa umekazia macho unyayo. Tafuta mwenyeji akutembeze mpakani mchana, kabla hujabeba bunduki. Mengine yanajulikana: hakuna kumulika taa usiku, hakuna kupiga ukiwa ndani ya gari.

Sasa shabaha, ambayo ndiyo iliyoniumiza mimi. Mwaka wangu wa kwanza nilirekebisha darubini ya bunduki nyumbani, nikaridhika, nikasafiri nayo nyuma ya pikapu kwenye barabara ya makorongo hadi upande wa Kwa Mtoro. Sikuijaribu tena. Asubuhi yake nikampiga swala pala dume mita kama themanini, nikamwona akikunja mgongo na kuondoka. Tulimfuata hadi saa tisa alasiri. Mzee aliyekuwa akisoma nyayo hakunigombeza, alinyamaza tu, na ukimya ule ulinichoma kuliko maneno. Kwa hiyo: bunduki isafiri imefungwa ndani ya blanketi, na ukifika, kwa idhini ya askari wa wanyamapori uliye naye, piga risasi mbili tatu kwenye boksi lililowekwa mita mia. Na usijizoeze ukiwa umelala tu. Porini majani yatakuziba. Kata fimbo tatu zinazokufika kidevuni, zifunge juu kwa mpira wa tyubu, ujizoeze kulenga ukiwa umesimama, bunduki ikiegemea juu yake, hadi mikono izoee.

Jifunze kumtambua mnyama, dume na jike, kabla hujafikiria kumpiga. Pala jike hana pembe, kwa hiyo dume hakusumbui. Swala granti ndiye anayewakosesha wageni, maana jike naye ana pembe, ila zake ni nyembamba na fupi. Ukisitasita, shusha bunduki. Maelekezo mengi utakayoyakuta mtandaoni yanahusu kulungu wa Marekani, ambaye mwindaji humsubiri akiwa amekaa juu ya mti. Swala wetu mara nyingi hufuatwa kwa miguu, kwenye nchi kavu yenye miiba, na upepo wa Dodoma wa Julai unaujua mwenyewe. Beba soksi yenye majivu laini. Itikise kidogo: majivu yakielekea kwa swala, harufu yako nayo inamfikia, kwa hiyo zunguka, hata kama ni nusu saa.

Nguo ziwe za kahawia au kijani iliyopauka. Kama unaelekea Manyoni na Rungwa, acha kabisa bluu na nyeusi, kwa sababu mbung'o huzifuata, na mbung'o ndiye anayeeneza malale. Alfajiri kuna baridi kali, saa sita jua linachoma. Vaa sweta linalovulika na usitegemee maji ya korongo.

Kisha damu. Nyekundu yenye povu ni ya mapafu. Subiri dakika ishirini, hatakuwa mbali. Nyeusi iliyochanganyika na majani yaliyotafunwa ni ya tumbo, na hapo uvumilivu unahitajika zaidi, maana akikimbizwa hatasimama, akiachwa hulala karibu. Weka alama mahali pa tone la kwanza, hata kwa kitambaa.

Mkubaliane kambini nani anachinja, hasa kama mna Waislamu miongoni mwenu. Kisu kikali kiwe kiunoni mwake, kisiwe garini. Matumbo yatoke palepale, mzoga uning'inizwe kivulini ukiwa wazi upepo upite, ufunikwe kitambaa chepesi kuzuia nzi. Usiufunge kwenye turubai ukiwa na joto, utanuka kabla hamjafika Chemba. Safirini jioni. Nyama ya porini isiyo na hati inahesabika kuwa nyara ya serikali, kwa hiyo leseni ikae mfuko wa shati, mahali unapoifikia kwenye kizuizi cha barabarani bila kushuka kupekua mizigo.