Somo: Kutenga Diski Maalumu ya Kontena za Docker kwenye Seva ya Linux

Docker, programu inayoendesha kontena (programu zilizofungashwa pamoja na vyote zinavyohitaji), ikishasakinishwa kwenye Linux kwa kawaida huhifadhi vitu vyake ndani ya /var/lib/docker (kuhusu toleo la 29, tazama maswali mwishoni), yaani kwenye diski ileile inayobeba mfumo wa uendeshaji. Imeji (vifurushi ambavyo kontena huundwa kutokana navyo) huongezeka, logi (kumbukumbu za matukio) za kontena hukua bila kikomo, na siku diski inapojaa huumia seva nzima. Niliwahi kuamshwa usiku kwa sababu hifadhidata ilikuwa imegoma kuandika, na kilichokuwa kimeijaza diski ni faili moja tu la logi.

Somo hili linachukulia kwamba unayo diski ya pili iliyo tupu, ambayo katika mfano huu ni /dev/sdb, na kwamba nakala rudufu za data yako zipo mahali pengine. Thibitisha jina la diski kwa amri ya kwanza kati ya hizi mbili, ulinganishe na ukubwa wake, kwa kuwa amri ya pili hufuta kila kilichomo:

lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE,MOUNTPOINT
mkfs.xfs /dev/sdb

Nimechagua mfumo wa mafaili wa XFS kwa sababu huunda inodi (rekodi ambayo kila faili huhitaji) kadiri zinavyohitajika, ilhali ext4 hupangiwa idadi yake tangu siku ya kufomati, na imeji hubeba mafaili madogo madogo kwa maelfu. Kumbuka tu kwamba XFS hukuzwa lakini haipunguzwi.

Sasa simamisha Docker pamoja na soketi yake (mlango inaopokelea maombi), kwani soketi ikiachwa huiamsha tena huduma, kisha nakili data:

systemctl stop docker.socket docker.service
mount /dev/sdb /mnt
rsync -aHAX --numeric-ids /var/lib/docker/ /mnt/
umount /mnt
mv /var/lib/docker /var/lib/docker.zamani
mkdir /var/lib/docker

Pata UUID ya diski (kitambulisho chake kisichobadilika) kwa blkid, uiandike katika /etc/fstab, yaani orodha ya diski za kupachikwa seva inapowaka, badala ya jina la sdb, ambalo laweza kubadilika seva inapowashwa upya:

UUID=... /var/lib/docker xfs defaults,pquota,nofail 0 0

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Neno nofail huiruhusu seva kuwaka hata diski ikikosekana, nalo ni jambo jema, lakini Docker nayo itawaka, itakuta folda tupu, na itaanza kuandika upya kwenye diski ya mfumo kana kwamba hakuna kontena iliyowahi kuwepo. Diski itakaporudi, data hiyo mpya itafunikwa isionekane huku ikiendelea kula nafasi. Kwa hiyo fungua systemctl edit docker.service, uongeze:

[Unit]
RequiresMountsFor=/var/lib/docker

Kwa mistari hiyo miwili, Docker hukataa kuanza mpaka diski iwe imepachikwa. Malizia hivi:

systemctl daemon-reload
mount /var/lib/docker
findmnt /var/lib/docker
systemctl start docker

Usifute docker.zamani kabla ya kuiwasha seva upya na kuziona kontena zote zikifanya kazi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Ahsante kwa somo, mwalimu. Je, haitoshi kubadilisha data-root (folda ambamo Docker huhifadhi data) katika daemon.json, faili la mipangilio ya Docker?

Jibu: Inafaa, ndugu yangu, mradi ile kanuni ya RequiresMountsFor ielekezwe kwenye njia mpya. Hata hivyo, kuanzia toleo la 29, Docker iliyosakinishwa upya huweka imeji katika /var/lib/containerd, folda ya containerd (huduma ambayo Docker huitumia kuendesha kontena), ambako data-root haifiki, wala diski tuliyopachika hapa haifiki. Ukiona io.containerd.snapshotter.v1 katika docker info, hamisha pia folda hiyo kwa kubadilisha root katika /etc/containerd/config.toml, na uiwekee containerd.service kanuni ileile.

Swali: Habari za kazi. Nikishatenga diski, bado nahitaji kudhibiti logi?

Jibu: Ndiyo, maana diski mpya nayo itajaa. Weka max-size na max-file chini ya log-opts katika daemon.json, uiwashe Docker upya, kisha uziunde upya kontena zako, kwa sababu mipaka hiyo haizigusi zilizokwishaundwa. Kuziwasha upya kontena tu hakutoshi.