SOMO: Jinsi ya kumtunga mungu wa kike wa wakati aliyesahauliwa (soma lote kabla hujauliza)

Wadau, kila wiki napokea ujumbe uleule: "Mkuu, nina riwaya ya dunia ya kubuni, ndani yake kuna mungu wa kike wa wakati ambaye watu wamemsahau. Nimpe nguvu gani?" Nimejibu mmoja mmoja hadi basi. Leo naweka yote hapa, na atakayeuliza tena nitamrudisha kwenye somo hili.

Swali la nguvu linakuja mwisho kabisa. Mungu wa wakati huanzia kwenye hesabu: watu wake wanahesabuje siku, mwezi na mwaka. Usipojua hilo, huna mungu, una mwanamke mwenye nywele nyeupe anayesimama juu ya mlima.

Mfano nitakaotumia ni wa dunia yangu mwenyewe, kisiwa cha Tandamu. Mungu wao wa zamani aliitwa Mwana Ungwe, na kila jua lilipozama alifunga fundo moja kwenye kamba. Jifunzieni kwake, msimnakili.

HATUA YA 1: Jina. Fupi, linalotamkika, lisiwe la mtu wa mtaani kwenu.

HATUA YA 2: Siku inaanza lini?

Sisi wa Dar tuna bahati hapa na hatuitumii. Saa zetu tunazihesabu tangu jua linapochomoza: saa moja asubuhi, saa mbili, hadi saa kumi na mbili jioni. Utaratibu huo unatufaa kwa sababu tuko karibu na ikweta. Hapa tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote haifiki saa moja, kwa hiyo alfajiri ya Juni na ya Desemba hazipishani sana. Ukiwapeleka wahusika wako kaskazini ya mbali, ambako kiangazi jua halitaki kuzama, hesabu hiyo inavunjika. Basi kama mungu wako anahesabu kuanzia mapambazuko, mweke karibu na ikweta ya dunia yako, au ueleze watu wa kaskazini wanamwabudu vipi mungu ambaye saa zake haziwafai. Swali hilo peke yake linaweza kukupa vita nzima ya riwaya.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: saa za ukutani hapa Dar zinafuata longitudo ya nyuzi 45, nasi tuko kama nyuzi 39. Kwa wastani jua letu hufika kileleni yapata dakika 23 baada ya saa sita mchana. Saa ya serikali na jua haziko pamoja hata leo, na mtunzi mzuri anaweza kumweka mungu wake ndani ya dakika hizo.

HATUA YA 3: Mwaka una siku ngapi, na zinazobaki zinakwenda wapi?

Pwani yetu kuna mwaka wa Nairuzi, ule ambao Makunduchi wanausherehekea kwa Mwaka Kogwa. Ni miongo 36, kila mwongo siku kumi, halafu siku tano juu yake. Misri ya kale ilikuwa na hesabu ya namna hiyo: siku 360 na tano za nyongeza. Wao walizipa hadithi, kwamba mungu wa kike wa anga, Nut, alizaa watoto wake watano katika siku hizo, akiwemo Osiris na Isis. Siku zisizo ndani ya mwezi wowote ni mahali pazuri kuliko pote pa kumficha mungu. Tandamu siku hizo tano hakuna anayemdai mwenzake deni. Ukimuuliza muuza samaki kwa nini, atakwambia ndivyo tulivyokuta.

(Nisieleweke vibaya: Mwaka Kogwa hauhusiani na mungu wa kike yeyote. Nimechukua hesabu tu.)

HATUA YA 4: Mfanye asahaulike. Hapa msome polepole.

Maandishi mengi ninayoletewa yanafia hapa, na sura yangu moja ilifia hapahapa. Niliandika kwamba mfalme alichoma hekalu la Mwana Ungwe, akaua makuhani, watu wakamsahau. Ukurasa uliofuata wakulima wanapanda mtama siku ileile sahihi. Nani aliwaambia siku? Kama hesabu inaendelea, kuna mtu anaihesabu, na mtu huyo lazima umjue. Zaidi ya hapo, hekalu likichomwa watu hukumbuka zaidi, maana wajukuu husimuliwa moto ule. Kusahau hakuji kwa moto. Kunakuja pale kazi ya mungu inapoendelea kufanyika bila yeye.

Njia ya kwanza ni kunyang'anywa kazi. Misri walikuwa na Seshat, mungu wa kike wa maandishi na vipimo. Picha za mahekaluni zinamwonyesha akikata alama za miaka ya mfalme kwenye upongoo wa mtende. Kazi hiyohiyo anaonekana akiifanya mungu mwenzake wa kiume, Thoth, pia, na leo kila mtu anamjua Thoth. Hakuna aliyemuua Seshat. Jirani yake alikuwa na jina kubwa zaidi.

Njia ya pili ni kalenda kusogea. Mwaka wa Misri ulikuwa wa siku 365 kamili, bila siku ya ziada kila baada ya miaka minne. Unasogea siku moja kila miaka minne, mwezi mzima kila miaka 120, na unazunguka misimu yote kwa takriban miaka 1,460. Hebu fikirini: sikukuu ya mavuno ya Mwana Ungwe ilianza watu wakiwa na maghala yaliyojaa. Vizazi kadhaa baadaye inaangukia wakati wa njaa. Watu wanaambiwa washangilie mavuno na tumbo liko tupu. Wa kwanza kuacha kuja ni vijana. Hapo huhitaji mfalme mbaya hata mmoja.

Njia ya tatu ni amri. Mwaka 1582, katika nchi zilizoifuata kalenda mpya ya Papa Gregory XIII mara moja, watu walilala tarehe 4 Oktoba wakaamka tarehe 15. Sasa katika dunia yako, mungu ambaye sikukuu yake ilikuwa tarehe 9 anapelekwa wapi mwaka huo? Na anayekusanya kodi anahesabu mwezi kamili au pungufu? Anayeshika kalenda anashika kodi, mishahara na madeni.

Tahadhari. Usitumie zote tatu kwa mara moja. Chagua moja iwe nzito, nyingine iguse tu. Usiseme "watu wote walimsahau", kwa sababu bandarini husahau kabla ya mashambani, na wanaume huweza kusahau jambo ambalo wakunga bado wanalifanya. Na usiruke muda: angalau vizazi vinne vipite, la sivyo kuna bibi kizee bado anakumbuka na hadithi yako imekwisha kwa kumuuliza yeye.

HATUA YA 5: Acha mabaki.

Roma walikuwa na Anna Perenna, mungu wa kike wa mzunguko wa mwaka. Sikukuu yake ilikuwa tarehe 15 Machi: watu walikaa kando ya mto Tiber, wakanywa, na kila mmoja akaomba kuishi miaka sawa na vikombe alivyokunywa. Mshairi Ovid, aliyeishi wakati sikukuu bado inafanyika, anatoa maelezo kadhaa yanayopingana kuhusu Anna ni nani: dada wa Dido malkia wa Karthago, au mwezi, au bibi kizee aliyewaokea mikate watu wenye njaa. Mnaona? Sherehe iko hai, mwenye sherehe ameshapotea. Mwaka 1999, wakati wa kuchimba maegesho ya magari chini ya ardhi huko Roma, ilipatikana chemchemi yake. Ndani yake kulikuwa na sarafu, taa, na vibati vya madini ya risasi vilivyoandikwa laana. Mungu wa mwaka alikuwa amefikia kuombwa awadhuru watu. Kwangu huo ndio mfano bora wa kusahauliwa, kwa sababu jina lilibaki na kazi ikageuka.

Na hapa nyumbani, nendeni magofu ya Kunduchi mkatazame nguzo za makaburi zilizopachikwa vyombo vya kaure vya China. Au simameni pale Mnara wa Saa, uliojengwa 1961 Dar ilipopata hadhi ya jiji, mhesabu ni wangapi wanainua macho. Mabaki mazuri yako njiani, watu wanapita.

HATUA YA 6: Mpe mtu mmoja anayekumbuka kipande. Kipande, si chote.

HATUA YA 7: Nguvu. Sasa ndiyo. Usimpe nguvu ya kusimamisha wakati, maana msomaji atauliza kwa nini hakuisimamisha siku walipomfuta. Mwana Ungwe anajua siku yoyote ni ya ngapi, na fundo alilolifunga hawezi kulifungua. Basi.

MASWALI NA MAJIBU

Mdau wa Mbagala: Mkuu somo zuri. Naomba unipe jina kali la mungu wa wakati.

Jibu: Hatua ya 1.

Mdau wa Sinza: Kwa nini kujisumbua? Si nimtumie Kronos tu, anajulikana.

Jibu: Kama anajulikana hajasahauliwa. Na Wagiriki walikuwa na wawili: Kronos aliyewameza watoto wake, na Khronos ambaye ndiye wakati wenyewe. Watu wa kale wenyewe waliwachanganya. Kama unataka kuchukua kitu hapo, chukua mchanganyiko huo: miungu wawili walioshonwa kuwa mmoja, na mmoja wao akamezwa na jina la mwenzake.

Mdau wa Sinza: Nimeuliza tu, mbona ukali?

Jibu: Umeuliza kitu ambacho somo zima linakijibu, ndugu yangu. Soma hatua ya 4.

Mdau wa Kigamboni: Shikamoo mwalimu. Baba yangu ni mvuvi. Kwao saa ya ukutani haina maana sana, wanakwenda kwa bamvu (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo). Naweza kumfanya mungu wangu awe wa maji kujaa na kupwa badala ya jua?

Jibu: Marahaba dada. Swali hili ndilo nililokuwa nalisubiri. Unaweza, tena utampata mungu bora kuliko wangu. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa takriban dakika 50. Kwa hiyo "asubuhi" ya mungu wako inatembea: leo anaamka alfajiri, wiki ijayo anaamka mchana. Bamvu linakuja mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yaani takriban kila wiki mbili, na katikati yake ndiyo maji mafu. Wachuuzi wa bara wenye saa za jua wataona watu wake hawana mpangilio, kumbe wana mpangilio kuliko wao. Muulize mzee maneno yote anayotumia kwa hatua za maji, uyaandike kama anavyoyasema. Utapata majina ya saa ambayo huwezi kuyabuni ukiwa umekaa chumbani.

Mdau wa Kigamboni: Na akisahauliwa, nani amechukua kazi yake?

Jibu: Fikiria pantoni inayovuka kwa ratiba, maji yawe yamejaa au yamepwa. Jenga kitu cha namna hiyo bandarini kwenu, uone nani anaacha kuangalia maji.

Mdau wa Temeke: Ndugu, huku si kufundisha watu shirki? Mungu ni mmoja.

Jibu: Naiheshimu hofu yako na imani yako, ndugu. Hapa tunatunga watu wa kisiwa ambacho hakipo na imani ambayo hakuna anayeifuata. Anayeona moyo wake hautulii aandike kitu kingine, na kazi yake nitaisoma kwa furaha ileile.

Mdau wa Tabata: Dunia yangu ina miezi miwili angani. Nimekwama.

Jibu: Hujakwama, hujapiga hesabu. Mmoja uzunguke kwa siku 24, mwingine kwa siku 30. Ikianza pamoja itakutana tena baada ya siku 120. Siku hiyo maji yatajaa kupita kiasi, na hapo ndipo pa kuweka sikukuu. Kisha badilisha ule wa siku 24 uwe wa siku 29 uone kukutana kunavyokwenda mbali: siku 870. Watu wanaosubiri siku 870 wana dini tofauti kabisa na wanaosubiri 120.

Mdau wa Tabata: Aisee! Hii kalenda naiandika wapi sasa? Kwenye simu inachanganya.

Jibu: Nunua kauntabuku. Ukurasa mmoja kwa mwezi mmoja, mistari kwa siku, kalamu ya bluu kwa mwezi wa kwanza na nyekundu kwa wa pili.

Mdau wa Mwananyamala: Mimi natumia kamba ya katani na mafundo kabisa, kila sura fundo. Inasaidia nisichanganye siku za wahusika.

Jibu: Nimeipenda sana hiyo. Unatofautishaje fundo la siku na la mwezi?

Mdau wa Mwananyamala: La mwezi naliunganisha na uzi wa rangi. Nikimaliza kitabu naikata naanza nyingine.

Jibu: Usiikate. Endeleza ileile kitabu cha pili, utaona mwenyewe ni siku gani ulizozisahau kati ya vitabu viwili. Mdau wa Tabata, jaribu na hii sambamba na kauntabuku, kamba mbili, moja kwa kila mwezi wako.

Mdau wa Mbagala: Mkuu, nimesoma hatua ya 1. Mapambazuko linafaa?

Jibu: Linafaa kama watu wako wanaanza siku asubuhi. Wanaanza lini?

Mdau wa Mbagala: Bado sijaamua.

Jibu: Basi nenda hatua ya 2, ukiamua uje tuendelee.