Futa Kwanza Vipande Visivyobeba Kani Kwenye Kenchi, Ndipo Ukokotoe

Kenchi, yaani fremu ya pembetatu inayobeba paa, ikiwa na vipande 13 itakumalizia jioni ukikokotoa kiungo (mahali vipande vinapokutana) kimoja baada ya kingine. Anza kwa macho.

Chora hii: upana mita 8, kimo mita 3. Chini, toka kushoto, viungo A, B, C, D na E, vikiachana mita 2. Kilele ni G, juu ya C. Katikati ya AG weka F, juu ya B. Katikati ya GE weka H, juu ya D. Ongeza nguzo BF, CG na DH, kisha mishazari FC na HC. Kenchi imekalia kuta pale A na E. Mzigo ni mmoja tu, kilonyutoni 12 pale G. Uzito wa mbao tuuache.

Hatua ya 1. Zungushia duara viungo vyenye mzigo au egemeo: A, E, G. Hivyo usiviguse. Wanafunzi wengi huteleza hapa: wanaona A ina vipande viwili tu, wanavifuta vyote, kumbe ukuta unasukuma juu.

Hatua ya 2. Kwingineko, tafuta kiungo chenye vipande viwili tu visivyonyooka mstari mmoja. Vyote viwili ni sifuri, yaani havibebi kani. Hapa hakuna.

Hatua ya 3. Tafuta kiungo cha vipande vitatu, viwili vikiwa mstari mmoja. Cha tatu ni sifuri, maana kikivuta au kikisukuma hakuna wa kukijibu. Pale B, AB na BC vimelala pamoja: futa BF. Vivyo hivyo DH.

Hatua ya 4. Rudia, ukivihesabu vilivyofutwa kama havipo. F imebaki na AF, FG na FC, basi FC ni sifuri, HC pia. C ilikuwa na vipande vitano, sasa ina BC, CD na CG. Futa CG. Ndiyo, nguzo iliyo chini ya mzigo wenyewe haibebi kitu!

Vitano vimeondoka. Kila ukuta unabeba kilonyutoni 6, na pembetatu ya 3, 4, 5 (kimo, nusu ya upana, mteremko) inamaliza kazi: mbao za mteremko zinagandamizwa kwa kilonyutoni 10, za chini zinavutwa kwa 8.

Sasa usimwambie fundi aziondoe hizo mbao tano. Sifuri ni ya mzigo huu tu. Papi (mbao za juu zinazopigiliwa mabati) zikileta uzito F na H, mishazari na nguzo ya kati zinaanza kazi mara moja. BF na DH zitasubiri mpaka dari itundikwe B na D. Na hata leo, mteremko wa mita 5 unaogandamizwa unataka kupinda. Ukishikwa katikati na mbao hizo, pale F na H, urefu huru unabaki mita 2.5, na kwa kanuni ya Euler ya kupinda kwa nguzo, mzigo wa kuupinda ndani ya bapa la kenchi unakuwa mara nne. Kupinda kwa pembeni ni kazi ya papi, kwa hiyo zikaguliwe zimepigiliwa sawasawa.