Kukagua tarehe ya kutoka gerezani Kenya, na pa kwenda hesabu ikikosewa

Gereza la Kenya linaendeshwa kwa karatasi moja: hati ya kifungo, ambayo maafisa na makarani huiita waranti. Kilichoandikwa humo ndicho mkuu wa gereza atakachotekeleza, hata kama hakimu alitamka jambo jingine mahakamani. Karani akisahau neno moja, mtu anaweza kulala ndani miezi au hata miaka ambayo mahakama haikumpa, na hakuna kengele itakayolia. Mwongozo huu ni wa familia na wasaidizi wa sheria. Unaifuata karatasi hiyo kutoka mahakamani hadi lango la gereza, kisha unaonyesha mlango wa kubisha pale hesabu isipokaa sawa.

Hatua ya 1: Jua nani ana mamlaka gani

Magereza yote, zaidi ya 120, yako chini ya Kamishna Jenerali, mwenye ofisi Magereza House, Nairobi. Yeye yuko chini ya wizara ya usalama wa ndani, kupitia idara ya serikali inayoshughulikia urekebishaji. Kila gereza, liwe Kamiti, Manyani, Shimo la Tewa au Lang'ata ya wanawake, lina afisa msimamizi. Huyu ndiye mlinzi wa hati ya kifungo. Anaweza kupiga hesabu ya punguzo (muda unaoondolewa kwenye kifungo kwa bidii ya kazi na mwenendo mwema), kuadhibu kosa la nidhamu na kupeleka rufaa ya mfungwa mahakamani. Hawezi kupunguza hukumu wala kusahihisha waranti, kwa hiyo usimlaumu kwa kukataa jambo ambalo sheria haimruhusu.

Maafisa wa probesheni, wanaosimamia wahalifu wanaotumikia adhabu nje ya gereza, ni idara nyingine kabisa, ingawa wizara ni hiyo hiyo. Ripoti yao ndiyo hakimu au jaji huisoma kabla ya kumbadilishia mtu kifungo kuwa kazi ya huduma kwa jamii chini ya sheria ya 1998, ambayo huhusu hasa vifungo visivyozidi miaka 3.

Hatua ya 2: Kusanya karatasi

Anza na namba ya kesi na jina la mahakama. Bila hivyo viwili masijala haitakusaidia. Kisha omba nakala zilizothibitishwa za hati ya mashtaka, hukumu pamoja na adhabu, na waranti yenyewe. Nakala ya waranti hubaki kwenye faili la mahakama. Ya gerezani iko katika ofisi ya nyaraka. Andika pia namba ya mfungwa, maana majina hufanana na mtu akihamishwa gereza ndiyo itakayokusaidia kumpata.

Karatasi ambayo watu wengi huisahau ni kumbukumbu ya dhamana. Tarehe ya kukamatwa, tarehe ya kutoka kwa dhamana, na tarehe dhamana ilipofutwa kama ilifutwa: hizo ndizo zinaonyesha siku alizozuiliwa kabla ya hukumu. Hati ya mashtaka kwa kawaida huwa na tarehe ya kukamatwa. Ichukue hapo badala ya kutegemea kumbukumbu ya jamaa.

Hatua ya 3: Soma waranti neno kwa neno

Weka hukumu upande mmoja na waranti upande wa pili. Kagua jina, namba ya kesi, kosa, urefu wa kifungo kwa kila shtaka, tarehe ya kuanza, sahihi na muhuri. Halafu tafuta mambo mawili.

La kwanza ni neno "sambamba". Kifungu cha 14 cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai kinasema vifungo vya mashtaka tofauti hufuatana, kimoja kikiisha ndipo kingine kianze, isipokuwa mahakama iagize viende pamoja. Mtu aliyepewa miaka 5 kwa shtaka la kwanza na 5 kwa la pili, viende sambamba, ana miaka 5. Waranti ikinyamaza, gereza litasoma 10. Baada ya punguzo la theluthi (tazama hatua ya 4), mwenye miaka 5 anakaa miaka 3 na miezi 4, mwenye 10 anakaa miaka 6 na miezi 8.

La pili ni tarehe ya kuanza. Kifungu cha 333(2) cha sheria hiyo hiyo kinaagiza mahakama izingatie muda ambao mtu alizuiliwa kabla ya kuhukumiwa. Mwaka 2018, katika kesi ya Ahamad Abolfathi Mohammed, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba kuzingatia maana yake ni kuhesabu hasa. Haitoshi hakimu kusema ameufikiria muda huo kisha atoe adhabu inayoanza siku ya hukumu. Siku za nje kwa dhamana hazihesabiwi.

Hatua ya 4: Piga hesabu

Kifungu cha 46 cha Sheria ya Magereza kinampa mfungwa mwenye kifungo kinachozidi mwezi mmoja punguzo la theluthi moja kwa bidii ya kazi na mwenendo mwema. Punguzo haliwezi kumtoa mtu kabla hajatimiza mwezi mmoja ndani, na kifungo cha maisha hakina punguzo hili. Yapo makosa mengine yaliyotengwa, kwa hiyo soma kifungu chenyewe. Sheria zote zinapatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Mfungwa huandikiwa punguzo lake lote siku anayoingia, kisha hupoteza siku akipatikana na makosa ya nidhamu.

Chukua mfano. Mtu alikamatwa 14 Septemba 2021, akakaa rumande bila dhamana, akahukumiwa miaka 6 tarehe 14 Machi 2022. Maneno matatu tofauti ya hakimu yanazaa tarehe tatu tofauti.

Akisema "miaka 6 kuanzia tarehe ya kukamatwa", miaka yote inaisha 13 Septemba 2027. Theluthi ni miaka 2. Siku yake ya mwisho ndani ni 13 Septemba 2025.

Akisema "napunguza miezi 6 ya rumande, atumikie miaka 5 na miezi 6 kuanzia leo", theluthi ni mwaka 1 na miezi 10. Anabaki na miaka 3 na miezi 8 kutoka 14 Machi 2022, na siku ya mwisho inakuwa 13 Novemba 2025.

Akisema tu "miaka 6" na waranti ikaandikwa tarehe ya hukumu, anakaa hadi 13 Machi 2026.

Tazama njia mbili za kwanza. Zote mbili zimezingatia rumande, lakini zinatofautiana kwa miezi 2, kwa sababu katika ya pili ile miezi 6 haikupata theluthi yake. Ndiyo maana ukiomba marekebisho, omba kwa maneno kamili: kifungo kihesabiwe kuanzia tarehe ya kukamatwa. Kama mtu alitoka kwa dhamana katikati ya kesi, taja idadi kamili ya siku alizozuiliwa na uombe tarehe ya kuanza irudishwe nyuma kwa siku hizo.

Hesabu miaka na miezi kwa kalenda, si kwa kuzidisha 30. Na ikiwa alipewa dhamana akisubiri rufaa kisha rufaa ikashindwa, muda ule wa nje uondoe kwenye siku alizotumikia.

Hatua ya 5: Linganisha na hesabu ya gereza

Nenda na kitambulisho chako, namba ya mfungwa na nakala zako. Simu hubaki langoni. Omba kwa heshima kuonana na afisa wa ofisi ya nyaraka, na umwambie ulichokuja kufuata: "Afande, naomba kujua tarehe ya mapema ya kutoka iliyoandikwa kwenye faili, na kama kuna siku za punguzo zilizoondolewa." Andika jibu na tarehe uliyopewa. Huduma hii hailipiwi. Anayedai pesa ili aangalie faili anaripotiwa kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi.

Tarehe zisipolingana, mara nyingi sababu ni moja kati ya hizi: waranti mbili kutoka mahakama mbili, kesi nyingine ambayo bado inamweka rumande, au siku zilizoondolewa kwa kosa la nidhamu. Kwa hilo la mwisho, uliza kosa lilisikilizwa lini na kama mfungwa alipewa nafasi ya kujitetea. Adhabu isiyo na kumbukumbu ya kusikilizwa ina sababu nzuri ya kupingwa.

Hatua ya 6: Peleka kosa kwa mwenye uwezo wa kulisahihisha

Hapa ndipo watu hupoteza miezi kwa kuandika barua mahali pasipo pake. Jiulize kosa liko wapi.

Kama hukumu ni sahihi na waranti imekosea, rudi mahakama iliyotoa adhabu. Mahakama za chini hutumia Kiingereza au Kiswahili, hivyo barua fupi ya Kiswahili inatosha:

"Kwa Hakimu Mkuu, Mahakama ya … Yah: Kesi ya Jinai Namba … ya 2022, Jamhuri dhidi ya … Adhabu iliyosomwa tarehe … iliagiza vifungo viwili vya miaka 5 viende sambamba. Waranti iliyopelekwa Gereza la … haina agizo hilo. Naomba mahakama ilinganishe waranti na kumbukumbu za kesi na kutoa iliyosahihishwa. Nimeambatisha nakala za hukumu na waranti."

Wapelekee masijala nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo. Waranti mpya ikitoka, usidhani imefika. Ulizia gerezani baada ya wiki moja, maana karatasi nyingi zilizosahihishwa hukwama kati ya mahakama na gereza.

Kama kosa liko ndani ya adhabu yenyewe, kwa mfano rumande haikuhesabiwa, hakimu yule hawezi kujirudia. Kazi hiyo ni ya Mahakama Kuu, kwa njia ya mapitio, yaani kukagua uhalali wa uamuzi wa mahakama ya chini, chini ya vifungu vya 362 na 364 vya Sheria ya Mwenendo wa Jinai. Lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, kwa hiyo tafuta msaidizi wa sheria wa kuandika. Ombi liwe juu ya hesabu ya muda tu. Ukiingiza hoja za kupinga ushahidi, utaambiwa hiyo ni rufaa iliyovaa nguo ya mapitio, na kifungu cha 364(5) kinazuia jambo hilo.

Rufaa yenyewe ina siku 14 tangu adhabu itolewe. Mfungwa hahitaji kuipeleka mwenyewe: anamkabidhi afisa msimamizi, naye anaipeleka mahakamani. Siku zikipita, omba muda uongezwe na ueleze sababu.

Hatua ya 7: Faini

Kifungu cha 28 cha Sheria ya Adhabu kinaweka kikomo cha kifungo cha kukosa faini: faini isiyozidi shilingi 500, siku 14; hadi 2,500, mwezi 1; hadi 15,000, miezi 3; hadi 50,000, miezi 6; zaidi ya hapo, miezi 12. Ukiona faini ya 12,000 "au miezi 6", hiyo imevuka mpaka, na inaenda Mahakama Kuu.

Familia nyingi hukaa zikichanga mpaka pesa zitimie, na siku zinaliwa. Si lazima. Sheria inaruhusu kulipa sehemu hata mtu akiwa ndani. Tuseme faini ni 20,000 au miezi 6. Ametumikia miezi 2. Mkilipa 10,000, nusu ya kifungo inaondoka, anabaki na mwezi 1. Mfungwa aombe apelekwe mahakamani, ambako kiasi kilichopunguzwa kitathibitishwa. Dai risiti, na nakala yake ifike gerezani siku hiyo hiyo.

Hatua ya 8: Wakaguzi wa nje

Kwa mambo ya kupigwa, chakula, maji, matibabu au kunyimwa kuonana na jamaa, anza na barua kwa afisa msimamizi, kisha panda. Sheria ya Magereza inawapa majaji, mahakimu na wakaguzi walioteuliwa haki ya kuingia, kuonja chakula na kusikiliza wafungwa. Hawatoi mtu, lakini wanachoandika hakifichiki kirahisi. Kamati ya watumiaji wa mahakama ya eneo lako huwakutanisha hakimu, polisi, mwendesha mashtaka na gereza. Tatizo la waranti zinazochelewa hupata dawa hapo haraka kuliko Nairobi.

Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu inashughulikia mateso na ina jukumu chini ya Sheria ya Kuzuia Mateso ya 2017. Tume ya Haki ya Utawala, maarufu kama Ombudsman, ndiyo ya barua zisizojibiwa na ucheleweshaji. Pesa na zabuni za chakula humulikwa na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambaye ripoti zake huenda bungeni. Kosa la kila siku ni kupeleka malalamiko dhidi ya askari jela kwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi. Hiyo ni ya polisi. Inahusika na korokoro za kituo, si gereza.

Majeraha yapigwe picha mapema, na uombe kumbukumbu ya zahanati ya gereza ikiwa na tarehe. Baada ya wiki mbili hakuna kitakachoonekana.

Hatua ya 9: Tarehe imepita na bado yuko ndani

Kwanza hakikisha hakuna waranti nyingine inayomshikilia. Kama haipo, usiandike barua zaidi. Ibara ya 51 ya Katiba inampa mtu aliyezuiliwa haki ya kuomba amri ya kufikishwa mbele ya mahakama, na ibara ya 25 inasema haki hiyo haiwezi kuwekewa mipaka. Ombi huenda Mahakama Kuu kwa hati ya dharura (inayoomba lisikilizwe haraka), likiambatana na waranti, hesabu yako kwenye ukurasa mmoja, na jibu ulilopewa na ofisi ya nyaraka. Afisa msimamizi atatakiwa aonyeshe ni karatasi gani inayomweka ndani.

Siku ya kutoka, mfungwa ahesabu mali zake kabla ya kutia sahihi, kisha aombe karatasi inayoonyesha kifungo kimeisha. Aitunze pamoja na nakala ya waranti, kwa sababu kesi ya zamani ikiibuka kwenye kituo cha polisi, hizo ndizo atakazoonyesha.