Kununua gari kuukuu Bukavu: fika moteri ikiwa bado baridi

Muuzaji akikwambia, "Njoo saa nne, Papa, nitakuwa nimeshaliosha," mjibu utafika saa kumi na mbili na nusu. Gari kuukuu lililokwisha zungushwa asubuhi huwaka mara moja, likakudanganya. Mkono wa kulia ukisalimia, wa kushoto uwe juu ya boneti. Ikiwa ya moto, muulize alikuwa anakwenda wapi gizani.

Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta ute mweupe umeganda chini yake, maji yamechanganyika na oili. Muuzaji atasema ni unyevu wa safari fupifupi za mjini, na mara nyingine ni kweli. Basi fungua na rejeta, maadamu moteri ni baridi. Mafuta yakielea juu ya maji, maneno ya unyevu yameisha: gasketi ya silinda hedi, ile inayotenga maji na oili, imekufa.

Sasa aliwashe yeye, wewe simama nyuma. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma hata moteri ikipata moto ni maji. Mweusi kwenye gari la petroli ni petroli nyingi kupita kiasi, na hapa usikimbilie kuogopa. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi. Kabureta, yaani kichanganyio cha petroli na hewa, iliyopimwa kwa hewa ya pwani inamimina petroli nyingi kuliko hewa inayoipata, plagi zinajaa masizi. Fundi mwenye njaa atataka kufungua moteri nzima. Mwambie kwanza arekebishe kabureta. Masizi makavu si kesi. Plagi iliyolowa oili ndiyo kesi.

Halafu panda nalo Kadutu, mtaa wetu wa mlimani, tena mkiwa mmejaa, maana gari tupu halisemi ukweli. Simama katikati ya mlima, vuta breki ya mkono, ondoka tena. Moteri ikipiga kelele na gari likabaki palepale, klachi imekwisha. Kushuka, tia giya ndogo na usikie pedali ya breki: ikizama mpaka chini, au ikikutaka uipige mara mbili tatu ndipo ishike, hesabu gharama hapohapo.

Baba yangu mdogo alikuwa na Peugeot 504 ya viti safu tatu, akiipeleka Uvira kupitia mlima wa Ngomo. Safu ya nyuma alikaa binamu yangu na kipande cha mti mapajani, mlango haukufungwa vizuri kwa makusudi. Gari likizimika mlimani, aliruka na kukisukumiza nyuma ya gurudumu kabla halijaanza kurudi. Baba mdogo alijisifu kuwa gari lake lina breki mbili, moja ya mguu na moja inayokula ugali.

Nami bado naipenda 504 kuliko gari lolote. Ilianza kutengenezwa 1968, ikashinda Safari Rally 1975 na tena 1978. Lakini kupenda kusikuzuie kuinua mazulia: kutu ya sakafuni huanzia kwenye maji ya mvua yaliyolala chini yake. Beba na sumaku kidogo. Pale isiposhika kwenye mlango, rangi imefunika mastiki, si bati.

Corolla za Japani zenye usukani kulia? Nafuu, vipuri tele. Ila sisi hapa Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo kulipita lori unamtegemea abiria aliye kushoto akuambie njia ni nyeupe. Mke wangu hufanya kazi hiyo, na hasemi "pita" mpaka lori lenyewe lisimame.

Mwisho, soma namba ya shasi kwenye chuma, ulinganishe na karti rozi, yaani kadi ya gari, herufi kwa herufi. Isipolingana, rudi na dola zako, hata kama ni 504.