Jino limezibwa kwa muda? Jinsi ya kulilinda lisivuje mpaka siku ya kurudi

Wengi tukishasafishwa mzizi wa jino, neva imetolewa, tumewekewa ile filingi ya muda ya kusubiri mzizi ujazwe, maumivu yakikata tu basi, ntarudi mwisho wa mwezi, mwisho wa mwezi inakuja ada ya watoto, mara miezi minne hiyo. Shida ni kwamba jino lenyewe halina neva tena kwahiyo haliwezi kukushtua, bakteria wanaweza wakawa wanapenya pembeni ya filingi kila siku na wewe unatafuna mahindi ya kuchoma kwa raha zako. Kutouma sio kipimo kabisa.

Anzia palepale kwenye kiti, muulize daktari ameweka dawa gani ya kuzibia. Cavit na jamii yake haichanganywi na kitu, inatoka ikiwa laini kama udongo wa mfinyanzi, inanyonya maji ya mate, inaumuka kidogo na kujibana kwenye kuta za jino, ndo maana kwa kuziba inasifiwa, ila ni laini, kwenye gego inalika haraka hasa kama ukuta mmoja wa jino umevunjika. IRM, dawa nyingine ya kuzibia kwa muda, ni unga unaochanganywa na yujenoli, ile harufu ya karafuu unayoisikia, hii inastahimili kutafuna vizuri zaidi lakini kwenye vipimo vingi vya maabara inavujisha kuliko Cavit, hasa ikipitishwa kwenye moto na baridi kupokezana (fikiria chai ya moto alafu soda ya friji). Glasi ayonoma (glass ionomer, aina ya tatu ya dawa ya kuzibia) inashikana na jino lenyewe, kwahiyo kama unajua utachelewa kurudi sema mapema uwekewe hiyo, au Cavit chini alafu kitu kigumu juu. Usione aibu, sema tu dokta mimi hela ya awamu ya pili bado.

Kingine ni unene, na hapa ndo wengi wanapoumia bila kujua. Cavit inatakiwa angalau milimita 3.5, kama punje mbili za mchele ukizilaza ubavu kwa ubavu. Chini ya filingi huwa inawekwa pamba kidogo, sasa pamba ikiwa kubwa inakula nafasi ya dawa, na uzi wake mmoja ukibaki umechungulia pembeni unafanya kazi ya utambi wa koroboi, unavuta mate mpaka ndani.

Jinsi wanavyopima uvujaji: jino lililong'olewa linawekwa katikati ya vichupa viwili, juu mchuzi wenye bakteria, chini mchuzi safi, wanasubiri. Wa chini ukichafuka ujue wameshapita. Mtafiti wa meno Torabinejad na wenzake 1990 walifanya hivo kwa meno ambayo mizizi yake ilikuwa imejazwa kabisa ila juu wazi, kwenye zaidi ya nusu ya meno hayo bakteria wa aina moja walishapenya mpaka chini ndani ya siku 19. Yani hata mzizi uliojazwa unategemea mfuniko wa juu, sembuse wako ambao bado.

Nyumbani sasa. Masaa mawili ya kwanza usitafunie upande huo, baada ya hapo tumia upande wa pili ukiweza. Achana na bigijii, miwa, mifupa, na kuchokonoa kwa kijiti. Mswaki piga kama kawaida, ukitumia uzi wa meno usiunyanyue juu, uchomoe kwa pembeni.

Kila jioni pitisha ulimi, kioo na tochi ya simu pia vinasaidia. Ukikuta ukingo umebonyea, chakula kinanasa, ladha mbaya inatokea hapohapo au filingi inacheza, hiyo imeshavuja hata kama bado inaonekana ipo. Ikitoka yote, sukutua maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, piga simu uende ndani ya siku moja mbili, na tafadhali usijaze ugoro wala supaglu, watu wanafanya jamani. Ukivimba shavu au ukipata homa ni siku hiyohiyo.

Siku za kuhesabu: kwa Cavit usivuke wiki mbili, tatu. Ukivuka usikae kimya ukajifanya umerudi kwa wakati, mwambie daktari tarehe ya ukweli, kwasababu ndo itamfanya aamue kama asafishe tena mizizi kabla ya kuijaza au aendelee.